Data za Darubini za Angani: Ni za Nani, na Zifunguliwe Lini?

Darubini ya James Webb iligharimu takriban dola bilioni 10, nyingi zikitoka kwa walipa kodi wa Marekani, na zilizobaki kwa wenzao wa Ulaya na Kanada. Hata hivyo, sehemu kubwa ya picha na vipimo inavyotuma duniani haionwi na walipa kodi hao, wala na wanaastronomia wengine, hadi mwaka mzima upite. Katika mwaka huo data ni haki ya kundi la watafiti walioomba darubini ielekezwe kwenye shabaha yao. Muda ukiisha, data hufunguliwa katika hifadhi inayosimamiwa na taasisi ya darubini za angani iliyoko Baltimore, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bure.

Kupata nafasi kwenye darubini hiyo si kazi ndogo. Mtafiti wa nchi yoyote anaruhusiwa kuomba, lakini katika awamu ya nne, iliyofungwa Oktoba 2024, yalipokewa maandiko 2,377 yaliyotaka jumla ya saa 78,000 hivi, karibu mara tisa ya muda uliokuwapo. Mwombaji huteua vichujio vya mwanga, hukadiria muda wa kuitazama kila shabaha, kisha hutetea hoja yake mbele ya jopo ambalo halionyeshwi jina lake. Haki ya kwanza ndiyo ujira wa jasho hilo. Wanaoitetea wanasema kwamba ikiondolewa, hakuna atakayeona sababu ya kuumiza kichwa kwa andiko, maana wenye kompyuta kubwa na wasaidizi wengi watangoja data zishuke na kuwawahi walioziomba.

Agosti 2022 ofisi ya sera ya sayansi katika Ikulu ya Marekani iliagiza kwamba makala za utafiti unaogharimiwa na serikali, pamoja na data zinazozitegemeza, ziwe wazi mara tu zinapochapishwa. Agizo lilihusu yaliyochapishwa, halikugusa data mbichi. Lakini lilichochea swali lililokuwa likinong'onwa siku nyingi: kama matokeo ni ya umma, kwa nini data zenyewe zifungiwe?

Wanaotaka milango ifunguliwe wana mfano mzito. Desemba 1995 Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi hiyo ya Baltimore, alitumia muda aliotengewa yeye binafsi kuielekeza darubini ya Hubble kwa siku 10 kwenye kipande kidogo cha anga, katika kundi la Dubu Mkubwa, kilichoonekana kuwa kitupu. Baadhi ya wenzake walimshauri asifanye hivyo. Picha 342 zilizounganishwa zilionyesha galaksi zipatazo 3,000, na data zikatolewa kwa wote mwanzoni mwa 1996, bila mtu kupewa haki ya kuzitangulia. Leo makala zinazotokana na hifadhi ya Hubble, yaani zinazoandikwa na watu ambao hawakuomba uchunguzi wenyewe, ni nyingi kuliko za waliouomba. Hifadhi, kwa maneno mengine, imekuwa darubini ya pili.

Upande wa utafiti wa Jua, mjadala huu karibu umekwisha. Chombo cha SOHO, cha Ulaya na Marekani, kilirushwa tarehe 2 Desemba 1995 na kuwekwa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua. Kilipangiwa miaka miwili. Kimedumu zaidi ya miongo miwili na nusu. Koronagrafu zake huziba duara la Jua kwa kisahani ili gesi hafifu inayolizunguka ionekane, na picha zake huwekwa mtandaoni ndani ya muda mfupi. Watu wasio na ajira yoyote ya astronomia wamekuwa wakizipakua na kuzipanga kwa mfululizo. Nukta inayotokea katika picha moja na kutoweka huachwa, kwa kuwa kwa kawaida huwa ni chembe ya anga iliyogonga kipokea mwanga. Nukta inayosogea kwa mwendo sawa, picha baada ya picha, kuelekea Jua, huandikwa mahali pake katika kila picha na kupelekwa kwa wataalamu wahakiki. Kwa njia hiyo SOHO ilifikisha nyotamkia 5,000 Machi 2024, nyingi zikigunduliwa na raia wa kawaida. Hakuna andiko la maombi ambalo lingepata muda wa darubini kwa kazi kama hiyo.

Kuna sababu nyingine nzito zaidi ya nyotamkia. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua iliangusha gridi ya umeme ya Quebec, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa takriban saa 9. Chombo kilichoko kati ya Dunia na Jua hupima upepo wa jua unaokuja na kutoa onyo la robo saa hadi saa moja hivi. Hakuna mwenye gridi, ndege au setelaiti atakayekubali kuambiwa asubiri mtafiti achapishe kwanza. Kweli, data za Parker, chombo kilichopita kilomita milioni 6.1 tu kutoka usoni mwa Jua tarehe 24 Desemba 2024, huchukua miezi kuwafikia watu. Ila huko kuchelewa ni kwa kiufundi zaidi: kinapolikaribia Jua hakiwezi kutuma data zote, na vipimo vyake huhitaji kusahihishwa.

Je, kanuni ya Jua iletwe moja kwa moja kwenye galaksi? Yaliyotokea mwaka 2022 yanataka tahadhari. Baadhi ya data za kwanza za Webb zilitolewa wazi tangu siku ya kwanza, na baada ya wiki chache tu makala zilikuwa zikifuatana mtandaoni. Mojawapo ilieleza galaksi iliyopewa jina CEERS-93316, ambayo rangi zake zilidokeza kwamba mwanga wake uliondoka miaka milioni 235 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Hesabu ilitegemea vichujio: galaksi ya mbali sana hutoweka katika vichujio vya mawimbi mafupi kwa sababu haidrojeni humeza mwanga wake wa urujuanimno. Mwaka uliofuata mwanga wake ulipotawanywa na kupimwa kwa kina, ilibainika kwamba ilikuwa karibu zaidi sana, ya wakati wa miaka zaidi ya bilioni moja baada ya Mlipuko Mkuu. Vumbi, pamoja na mng'ao mkali wa gesi ya oksijeni na haidrojeni, vilikuwa vimeiga sura ya umbali.

Wapinzani wa uwazi huuchukua mkasa huu kama ushahidi kwamba mbio huzaa makosa. Wana nusu ya haki. Nusu nyingine ni kwamba kundi jingine, kwa kutumia data zilezile zilizo wazi, lilionya mapema kwamba galaksi hiyo ingeweza kuwa ya karibu. Data zingefungiwa mwaka mzima, makosa yangekuwa na mwangalizi mmoja tu, ambaye ndiye aliyeyafanya.

Hoja ngumu zaidi ni ya usawa, na hapa pande zote mbili hujipendelea. Inasemwa kwamba kufungua data ni kumfungulia mlango mtafiti wa nchi isiyo na chombo chake angani. Ni kweli, lakini mlango huohuo anaupita mwenye kompyuta yenye nguvu mara mia. Setelaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na ikapewa jina hilo kwa heshima ya uhuru wa Kenya. Uchambuzi wake ulifanyika Cambridge, Massachusetts, na orodha yake ya vyanzo 339 ikachapishwa kwa dunia nzima. Pwani ilitoa jukwaa karibu na ikweta; utafiti ulibaki kwa wenye wachambuzi. Kwa mhadhiri anayefundisha vipindi vingi kwa wiki na kusimamia wanafunzi peke yake, haki ya kwanza ndiyo kinga pekee dhidi ya kundi la watu 40 lililoamka na data zake.

Kwa hiyo kanuni moja kwa wote haifai, na mazoea ya sasa tayari yanakiri hivyo: miradi mikubwa ya Webb kwa kawaida haina muda wa kujifungia, na Hubble imeteremsha muda wake kutoka mwaka hadi miezi 6. Mwaka mzima wa Webb kwa maandiko madogo ni mrefu kupita kiasi. Miezi 6 inatosha kwa mtafiti aliyejiandaa, na anayesimamia tasnifu ya mwanafunzi au anayefanya kazi peke yake aombe nyongeza, sababu zake zikitangazwa pamoja na jina la mradi.