Picha za Video na Hatima ya Ushahidi

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Walisema hivyo katika siku ambazo mwongo alitembea kwa miguu, akasimulia kwa kinywa chake mwenyewe, na waliomsikiliza walimfahamu yeye na ukoo wake. Siku hizi mwongo hana haja ya kusafiri, hupeleka picha. Na picha ikishatoka katika simu moja huwa imefika Lamu, Kigoma na Bujumbura kabla aliyesingiziwa hajapata habari kwamba amesingiziwa.

Hatulisemi jambo hili kwa kuyachukia maendeleo. Kuhariri picha ilikuwa zamani kazi ya wachache. Mhariri wa sinema alikata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi, na mashine za kazi hiyo zilikuwa mali ya studio na mashirika ya utangazaji. Kisha kompyuta ikachukua nafasi ya wembe: programu ya Premiere ilitoka mwaka 1991, na Final Cut Pro mwaka 1999. YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, kijana asiye na kituo cha televisheni alipata pa kuonyesha kazi yake. Leo programu kama CapCut zimeiweka meza nzima ya mhariri ndani ya simu ya mkononi. Wasanii wetu wengi wamejipatia riziki kwa njia hiyo, na wanyonge wamepata shahidi asiyeogopa kusimama mbele ya mkubwa.

Shahidi huyo ndiye tunayemwonea hofu.

Mwezi wa Julai 2018 ilienea katika mitandao video iliyoonyesha askari wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili wadogo, wakawafunga macho, kisha wakawapiga risasi na kuwaua. Serikali ya Cameroon, kwa kinywa cha waziri wake wa mawasiliano, Issa Tchiroma Bakary, iliiita habari ya uongo. Waandishi wa BBC Africa Eye hawakubishana na waziri kwa maneno. Walilinganisha vilele vya milima vilivyoonekana katika video ile na picha za setilaiti, hata wakapata mahali penyewe: karibu na Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Wakavipima vivuli vya watu waliokuwa wakitembea, kama mtu asomavyo saa ya jua, na kwa hivyo na kwa dalili nyingine wakajua kuwa mauaji yalitendeka kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Haki hiyo, kama ilivyo, ilisimama juu ya mlima na kivuli. Tangu hapo mambo yamebadilika. Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilionyesha Sora, mtambo wa akili mnemba uwezao kutengeneza video kutokana na maandishi matupu. Mei 2025 Google ikatoa Veo 3, ambayo hutia hata sauti za watu wakizungumza. Hatusemi kwamba mitambo hiyo itauchora mlima halisi kilele kwa kilele bila kukosea. Twasema kwamba mtazamaji wa kawaida hana muda wala chombo cha kuvihesabu vilele hivyo. Kuchunguza picha moja huhitaji jopo la watu na siku nyingi. Kuighushi kwahitaji dakika chache.

Hasara ya kwanza ni uongo kuaminiwa. Machi 2022 ilisambazwa picha ya kughushi ya Rais Zelensky wa Ukraine akiwaamuru askari wake waweke silaha chini. Hiyo ilitambuliwa upesi. Hasara ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ukweli kukataliwa. Nchini Gabon, Rais Ali Bongo aliugua Oktoba 2018, na hotuba yake ya mwaka mpya ilipoonyeshwa wako waliosema kuwa ni picha ya kughushi. Tarehe 7 Januari 2019 kundi la askari lilijaribu kuipindua serikali, nalo liliitaja hotuba hiyo. Jaribio lilishindwa, na uchunguzi uliofanywa baadaye haukuthibitisha kwamba picha ilighushiwa. Shaka peke yake ilitosha kuwatia watu wasiwasi.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni sheria kali. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikafuata na yake mwaka 2018. Zote mbili zilitungwa na adhabu kwa atoaye habari za uongo. Mghushi wa makusudi na aadhibiwe. Lakini na tujiulize: lau sheria ya namna hiyo ingetumiwa Julai 2018 dhidi ya yule aliyeisambaza video ya Zelevet, nani angefungwa? Serikali ilikuwa imekwisha kuiita ya uongo. Pakiwa na ubishi baina ya wenye mamlaka na picha, wenye mamlaka hawawezi kuwa washitaki na wapimaji kwa wakati mmoja.

Kampuni zenyewe zimeanza kuhangaika. Tangu mwaka 2021 Adobe, Microsoft, BBC na wenzao wameungana katika utaratibu uitwao C2PA, ambao huifungia picha kumbukumbu ya asili yake na jinsi ilivyohaririwa. Ni jambo jema, ila kumbukumbu hizo huweza kupotea picha inapopitishwa katika mitandao ya kutumiana ujumbe, na huko ndiko wananchi wetu wapatako picha nyingi.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yetu. Mwananchi aliyepiga picha ya tukio zito hana budi kuihifadhi ile ya asili bila kuikata, bila kuitia muziki wala maandishi. Akitaka kuipamba, aipambe nakala. Magazeti na vituo vya utangazaji viseme kila mara picha imetoka wapi na nani ameichunguza. Mahakama zipewe wataalamu wa picha wasiokuwa chini ya polisi, nao wapatikane kwa mshitaki na mshitakiwa sawasawa. Na kiongozi anayeiita picha ya uongo atakiwe kutoa sababu zake hadharani, kama vile anayeileta anavyotakiwa kuonyesha ilikotoka.

Wanawake wale wawili na watoto wale hawakuwa na mtetezi mwingine ila video ya dakika chache. Tukizoea kuamini kila picha tutadanganywa. Lakini tukizoea kuikana kila picha, watu kama wao watauawa, na hakuna atakayeulizwa.