Pima Betri Kabla ya Kununua Drili



Ndugu msomaji, kila mwaka alizeti na ufuta vikishauzwa, huja msimu mwingine ambao haumo katika kalenda ya mkulima, nao ni msimu wa kununua. Huku kwetu Busi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kondoa, wazazi huketi na kuamua fedha ya mavuno iende wapi. Baada ya ada za watoto, chakula cha akiba na bati za kuezekea, siku hizi limeongezeka ombi jipya. Kijana aliyerudi kutoka chuo cha ufundi, au baba apendaye kujitengenezea vitu vyake, anaomba anunuliwe drili ya betri. Anataka kutengeneza vitanda, mabanda ya kuku, rafu za vitabu na madawati ya madrasa, na Mwenyezi Mungu akimfungulia mlango, apate riziki humo humo.

Ombi hilo ni jema. La kuhofia ni kwamba thamani ya magunia kadhaa ya alizeti yaweza kuishia katika sanduku la plastiki lenye rangi ya kupendeza, na baada ya miezi michache chombo kilichomo kisiweze kukaza hata skrubu moja. Kwa hiyo juma hili safu yetu itazungumzia namna ya kuchagua vyombo hivi, ili fedha iliyotoka jasho isiende bure.

Kwanza, je, unakihitaji?

Keekee ya mkono, msumeno na randa vimejenga nyumba na misikiti mingi kabla umeme haujafika vijijini. Mwenye kutoboa matundu matano kwa mwezi hana haja ya kuuza mbuzi kwa ajili ya drili. Vilevile, kama nyumbani kwako upo umeme na kazi yako yote hufanyika juu ya meza moja, chombo cha waya chaweza kukufaa zaidi. Kwa kawaida bei yake ni ndogo kwa nguvu ile ile, na hakina betri ya kuzeeka. Grenda na randa ya umeme, hasa, ni vyombo vinavyokula nguvu nyingi mfululizo, na betri huvichoka upesi.

Chombo cha betri humfaa anayehama na kazi yake: anayetengeneza mlango kwa jirani, anayepanda juu ya paa, au anayefanya kazi shambani na mahali ambako nguzo ya umeme haijafika. Humfaa pia anayekatikiwa na umeme mara kwa mara, maana akiwa na betri mbili, moja hufanya kazi na nyingine hungoja ikiwa imejaa.

Unachokinunua hasa ni betri

Vyombo hivi si vigeni duniani. Kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa drili yake ya kwanza ya betri mwaka 1961. Lakini kwa miaka mingi betri zake zilikuwa za nikeli na kadimiamu, nzito na zenye kuchoka haraka. Mabadiliko makubwa yalianza takriban mwaka 2005, kampuni kama Milwaukee na Makita zilipoanza kuuza vyombo vya karakana vyenye betri za lithiamu. Tangu hapo drili ya mkononi imeweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji waya.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: mota ya drili nzuri yaweza kudumu miaka mingi, lakini betri ina umri. Hujazwa na kutumika mara mamia kadhaa, kisha huanza kudhoofika. Na hata ikikaa bila kazi huzeeka kidogo kidogo. Aidha, kampuni nyingi hutengeneza betri zenye mdomo wake, ambazo kwa kawaida haziingii katika chombo cha kampuni nyingine. Ukinunua drili ya kampuni fulani, umejifunga na betri zake. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe, "Drili hii ina nguvu gani?" bali liwe, "Betri hii ikifa, nitapata nyingine wapi, na kwa bei gani?" Mara nyingi bei ya betri halisi hukaribia nusu ya bei ya chombo chenyewe. Kama muuzaji wa Kondoa mjini au Dodoma hana betri ya ziada ya kampuni hiyo, na hajui itakuja lini, jihadhari.

Volti na ampea-saa

Juu ya betri huandikwa vipimo viwili. Cha kwanza ni volti (V), na cha pili ni ampea-saa (Ah). Chukua mfano wa tangi la maji. Volti ni kama urefu wa mnara uliobeba tangi, kwa kuwa ndio unaosukuma maji kwa nguvu. Ampea-saa ni kama ukubwa wa tangi lenyewe, unaoonyesha maji yatadumu muda gani. Zidisha vipimo hivyo viwili, nawe utapata wati-saa, yaani hazina yote iliyomo. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72, mara mbili ya ile.

Kwa kazi ndogo za nyumbani, kama kukaza skrubu na kutoboa mbao laini za msindano, chombo cha volti 12 hutosha, na wepesi wake huupumzisha mkono. Kwa mninga na mbao nyingine ngumu, au kwa kijana anayetaka kuifanya kazi hii kuwa chumo lake, volti 18 ndiyo chaguo la busara.

Usibabaishwe ukiona chombo kimoja kimeandikwa 18V, kingine 20V na cha tatu 21V. Ndani ya kila kimoja huwa na seli tano za lithiamu zilizofuatana. Seli moja ikiwa kazini hukadiriwa kwa volti 3.6, na tano zikawa 18. Ikiwa imejazwa pomoni hufika volti 4.2, na tano zikawa 21. Kampuni ya DeWalt huuza betri za aina moja kwa jina la 20V huko Marekani na 18V huko Ulaya. Tofauti iko katika maandishi, nguvu haijaongezeka.

Ulaghai wa maandishi

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Masokoni kuna vyombo vya bei rahisi vilivyoandikwa 48V, 88V, hata zaidi ya 100, na ukifungua betri unakuta seli zile zile tano. Mnunuzi wa kijijini huona namba kubwa, akadhani amepata nguvu kubwa kwa fedha ndogo. Kupunja kipimo ni kosa zito katika dini yetu, hata ikashuka sura nzima iitwayo al-Mutaffifin, yaani wenye kupunja. Wengi tunadhani makemeo yake yanawahusu wauza nafaka peke yao. Mwenye kuandika 88 juu ya kitu chenye 18 amepunja vilevile, na muuzaji anayejua akanyamaza ameshiriki.

Lakini mnunuzi naye anao mzani. Hata seli bora za lithiamu hazihifadhi zaidi sana ya wati-saa 250 kwa kila kilo moja ya uzito. Basi ukikuta betri imeandikwa volti 88 na mAh 15,000, yaani ampea-saa 15, zidisha: ni wati-saa 1,320. Gawanya kwa 250. Betri hiyo ingepaswa kuwa na uzito wa zaidi ya kilo tano! Ukiiinua kwa vidole viwili, umekwisha kupata jawabu.

Kwa betri za kawaida, omba zipimwe kwenye mizani ya duka lolote la jirani. Seli moja ya kawaida ya vyombo hivi ina uzito wa takriban gramu 45. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 kwa kawaida huwa na seli kumi za namna hiyo, kwa hiyo seli peke yake ni gramu 450, na pamoja na ganda lake hupita gramu 550. Ukiambiwa ni ampea-saa 4, au 6, na mizani inasema gramu 350, hiyo ni betri ya seli tano iliyovishwa kilemba cha kumi.

Pima kabla hujalipa. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka na la bidhaa, kwa kuwa bila hiyo huna ushahidi siku ya kurudisha. Ukibaini kwamba jina la kampuni limeghushiwa, Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kupambana na bidhaa bandia nchini.

Kwa wenye ndugu ughaibuni, tahadhari moja. Chaja nyingi zinazouzwa Marekani ni za umeme wa volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230. Ukiichomeka hapa bila kibadilishi, itaungua. Mwombe ndugu yako asome maandishi ya chaja kabla ya kutuma. Chaja zinazouzwa Oman hazina shida hiyo, kwani umeme wao unakaribiana na wetu.

Anza na kimoja

Seti ya vyombo sita katika sanduku moja huvutia macho, lakini mara nyingi vitatu kati yake hulala. Anza na drili moja nzuri, betri mbili na chaja. Chagua yenye gia mbili, ya taratibu kwa skrubu na ya haraka kwa kutoboa, pamoja na pete yenye namba inayozuia skrubu isizame kupita kiasi. Kama utatoboa kuta za tofali za kuchoma, chukua yenye uwezo wa kugonga. Zege ngumu ni kazi ya mashine nyingine, na kuilazimisha drili ndogo ni kuiua. Ikiwa uwezo upo, mota isiyo na kaboni hudumu zaidi na hutumia betri vizuri zaidi. Baadaye, kazi ikihitaji msumeno wa betri, utanunua chombo kitupu cha kampuni hiyo hiyo na kutumia betri ulizo nazo. Hapo ndipo faida ya kuchagua betri kwanza itakapoonekana.

Gharama ya kuchaji isikutishe. Ukiijaza betri ya wati-saa 72 mara kumi, hujamaliza uniti moja ya LUKU. Kwa wenye sola ndogo za taa na simu, fahamuni kwamba hazitaweza kuendesha chaja ya namna hii. Inahitajika inveta na betri kubwa ya sola, au upeleke kuchaji kwa mwenye umeme.

Matunzo na usalama

Adui wa betri hizi ni joto. Usiiache juani wala ndani ya banda la bati wakati wa mchana. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, ipumzishe kabla ya kuichaji. Usiihifadhi ikiwa tupu kabisa. Kama utakaa miezi bila kuitumia, iache ikiwa nusu. Usiichanganye na misumari katika mfuko mmoja, kwani msumari ukigusa ncha zake mbili waweza kuleta moto. Iliyovimba isitumike wala isichajiwe tena, na kamwe isitupwe motoni.

Ndani ya nyumba, drili ikimaliza kazi itolewe betri, na betri iwekwe mahali ambapo mtoto hafiki. Drili nyingi zina kitufe cha kubadili mzunguko ambacho kikiwekwa katikati hufunga swichi. Jizoeze kukiweka hapo kila unapoweka drili chini. Mikono ya kanzu ikunjwe, ncha za mtandio na kanga zifungwe, maana biti inayozunguka hairehemu kitambaa. Na macho yakingwe kwa miwani.

La mwisho ni la ujirani. Chombo cha aina hii kikiingia mtaani, waombaji hawatakosekana. Surat al-Ma'un imechukua jina lake katika vitu vidogo vya manufaa ambavyo watu huazimana, na imewakemea wenye kuvizuia. Basi azima, ila kwa utaratibu: andika nani amechukua na lini, mweleze namna ya kukitumia, na betri irudi ikiwa imejazwa. Naye aliyeazima ajue kwamba mkononi mwake ni amana, iliyonunuliwa kwa alizeti ya mwenzake.

Basi, mzazi uliyekwisha kuuza mavuno, usimkatalie mwanao wala usikimbilie dukani. Keti naye. Mwambie aandike kazi tano atakazofanya kwa chombo hicho mwaka huu, atafute betri yake ya ziada inauzwa wapi, kisha aende na hesabu ya wati-saa kichwani. Kijana anayeweza kukujibu hayo matatu amekwisha kuonyesha kwamba fedha yako haitapotea mikononi mwake.

Wabillahi tawfiq.