Mwenye kizunguzungu asishuke shimoni

Kule Mongbwalu, Iga-Barrière na fasi zingine za Djugu, mchimbaji akianza kuyumba-yumba, wenzake wanasema amekunywa. Jirani anasema amelogwa. PDG anatafuta mutu mwingine. Sisi wa sindikati tunasema: mara mingi ni sikio.

Tangu mwaka 1861 muganga wa Ufaransa, Prosper Ménière, alionyesha kama kizunguzungu kinaweza kutoka ndani ya sikio. Mule ndani, nyuma ya ngoma ya sikio, iko kitu kidogo chenye maji ambacho kinaambia kichwa kama tumesimama ama tumeinama. Kikisumbuka, nyumba inazunguka, mutu anatapika, pengine sikio linavuma.

Basi nyumbani tufanye nini? Mgonjwa alale, asigeuze kichwa mbio-mbio, aangalie kitu kimoja kisichotembea. Akitapika, anywe maji kidogo-kidogo. Kuamka: akae kwanza kando ya kitanda, halafu ndipo asimame. Usiku taa iwe karibu. Apunguze chumvi na pombe. Asipande ngazi, asiendeshe moto. Siku ya ukali ikipita, atembee kidogo kila siku, mutu akiwa kando yake. Kulala siku zote kunachelewesha kupona.

Wamama, tusikimbilie sindano ya farmasi. Gentamicin bila muganga inaweza kuharibu sikio hilohilo. Kinini nayo inaleta kizunguzungu na kuvuma kwa masikio, kwa hiyo muganga aambiwe dawa zote ambazo mgonjwa amekunywa. Na kama mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri, mkono umelegea, kichwa kinauma sana ama iko homa na shingo imekauka, hiyo si ya kungoja nyumbani: hospitali palepale.

Lakini mashauri haya yote ni bure kama mutu analazimishwa kushuka kesho yake. Kizunguzungu cha dakika moja kwenye kamba kinatosha kuua, na anaweza kuangukia wenzake wa chini. Anashuka juu ya nini? Juu ya njaa ya watoto. Wengi wetu hatuna kontra wala CNSS. Asiyeshuka hapati kitu.

Kwa hiyo tunaomba kila ekipe ipatane na PDG wake mbele ya kazi: mwenye kizunguzungu abaki juu, akae ahesabu mifuko, na sehemu yake isikatwe mpaka apone. Leo ni yeye, kesho ni sisi.