Mtoto wa jicho na glakoma: Apasuliwe mara moja au mbili?

Tuseme nyanya yako anaishi Maseno, pale Ikweta inapoikata barabara ya Kisumu kwenda Busia. Jicho lake limeingia ukungu, hamtambui mtu mpaka asikie sauti yake. Nyinyi wajukuu mlioko mjini mmechanga pesa mkampeleka hospitalini. Daktari anawaambia kuwa jicho hilo lina maradhi mawili, mtoto wa jicho na glakoma. Je, apasuliwe yote kwa pamoja, au moja baada ya jingine?

Kabla ya kujibu, hebu tuyatenganishe. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi iliyo ndani ya jicho, mithili ya kioo cha dirisha kilichofukizwa na moshi wa jikoni. Daktari huitoa lenzi hiyo na kutia ya bandia, ufundi ulioanzishwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Ikiwa sehemu nyingine za jicho ni nzima, aghalabu mtu huona vizuri tena.

Glakoma si hivyo. Mara nyingi maji ya ndani ya jicho hutoka kwa shida, presha ya jicho hupanda, na mshipa wa fahamu upelekao picha kwenye ubongo hufa polepole. Kwa kawaida mgonjwa hasikii maumivu, naye huanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni. Kilichokufa hakifufuki. Upasuaji wake hufungua kijitundu cha kupitishia maji ili presha ishuke. Kazi yake ni kulinda kilichobaki, si kurudisha kilichopotea.

Haya, mara moja au mbili? Kupasuliwa kwa pamoja kuna faida: safari moja, ganzi moja, nauli moja. Lakini mara nyingi presha haishuki sana kama ambavyo ingeshuka kwa upasuaji wa glakoma peke yake. Kwa hivyo, glakoma ikiwa kali, daktari huweza kuanza nayo. Hata hapo kuna gharama yake, kwani upasuaji huo huharakisha mtoto wa jicho, na kumtoa mapema mno huweza kukiziba kile kijitundu. Ndiyo maana husubiri miezi kadhaa. Nayo glakoma ikiwa hafifu na inatulizwa na matone, huenda ikatosha kutoa mtoto wa jicho tu, na matone yakaendelea.

Hapa ndipo familia nyingi hugombana. Nyanya wawili hupasuliwa namna moja. Mmoja anaona hadi ng'ambo ya shamba, mwingine anaona uso ulio mbele yake lakini anajikwaa kwenye kigoda kilicho kando. Watu husema wa pili ameharibiwa na daktari. La hasha! Huenda ukungu umetoka vyema, ila sehemu aliyonyang'anywa na glakoma haikurudi.

Basi kabla ya kutia sahihi, ulizeni: Glakoma imekwisha kuharibu kiasi gani? Tutarajie aone nini? Atarudi kliniki mara ngapi, na nani atamtia dawa nyumbani? Swali hili la mwisho lina uzito, maana presha huweza kupanda tena kimyakimya hata jicho likionekana zuri.

Msikubali ile hadithi ya kale ya kungoja mtoto wa jicho "aive". Wakati mnangoja, glakoma haingoji.

Nawe msomaji usijisahau. Glakoma hufuata damu. Kama nyanya anayo, baba, mama, shangazi na wajomba wapimwe presha ya jicho na mshipa wake, hasa waliotimiza miaka 40, hata kama wanasoma gazeti hili bila miwani.

Hadi Jumapili ijayo, chunga macho yako.