Mwanya wangu haukuwa urembo

Nikiwa fomu tatu, meno yangu mawili ya mbele yalianza kuachana. Wasee walinisifu: ona mwanya! Nikaringa nao kwa kila selfi. Kumbe mfupa unaoshika meno ulikuwa unaisha polepole.

Sikuwa na maumivu, na mswaki nilikuwa napiga. Hapo ndipo huu ugonjwa wa fizi wa vijana hutuchezea: unashambulia magego ya kwanza na meno ya mbele, hata ya mtu mwenye meno safi. Daktari wa kwanza aliangalia kwa macho tu, akaniambia nipige mswaki zaidi. Manze! Wa pili aliingiza kichuma chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino. Kawaida ni 3 kushuka chini. Gego langu lilikuwa 7. Eksirei ikamaliza ubishi.

Kwangu, kukagua meno bila kupima fizi ni kazi nusu. Umepata mwanya ambao hukuwa nao? Jino linacheza? Usitoke hapo kabla ya kupimwa.

Na kwa vile hutembea kwenye familia, nilimburuta mdogo wangu pia. Ana miaka 14. Gego lake lilisoma 5, na hata mwanya hana.