Mtumishi na sketi ya mkono wake

Mji wa Serikali, mashariki mwa Dodoma, umejengwa mahali panapoitwa Mtumba. Ni jina la mahali tu, na wakazi wake hawana deni la kulieleza. Hata hivyo ni vigumu kutotabasamu unapowatazama watumishi wakishuka katika mabasi asubuhi, kwa kuwa sketi, suruali na makoti mengi yanayoingia katika ofisi hizo yametoka katika marobota ya mitumba.

Kuvaa mtumba si aibu. Mshahara wa mwalimu na wa karani una wadai wengi: kodi ya nyumba, ada, nauli, matibabu ya mzazi kijijini. Watumishi waliohamia Dodoma tangu mwaka 2016 wanajua maana ya kuanza maisha upya katika mji unaokua mbio. Wakati huo huo mtumishi hawezi kwenda kazini ovyo. Waraka wa Serikali wa mwaka 2007 kuhusu mavazi unamtaka awe nadhifu na mwenye staha. Basi mwanamke aliye kazini huhangaika kati ya robota la mitumba na kitenge cha mkopo alichouziwa na mwenzake wa meza ya pili, ambaye mwisho wa mwezi humsalimu kwa sauti ya mdai. Cherehani, ambayo ingempunguzia adha zote mbili, haitajwi.

Sketi ina historia ya kisiasa katika nchi hii. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua, na Operesheni Vijana ikaanza Januari 1, 1969. Mabishano yalikuwa makali. Walioiunga mkono walisema utamaduni wa taifa unalindwa. Walioipinga waliuliza kwa nini utamaduni huo upimwe kwenye magoti ya wasichana. Katika zogo lote hilo kilichopimwa hasa ni urefu. Kitambaa kimetoka wapi, nani amekikata, na mvaaji mwenyewe anajua kushona au hajui, ni maswali ambayo hayakupewa uzito, ingawa mwaka huo huo wa 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China.

Gharama ya kutoyauliza ilionekana baadaye. Biashara ya nje ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ilimiminika na viwanda vya nguo vikadhoofika. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Marekani ikatishia kuwafungia mlango wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Tanzania ikalegeza kamba, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 Rwanda ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Nchi inayolima pamba na kuisafirisha nje kwa sehemu kubwa kabla haijafumwa haiwezi kuwa na sauti kubwa katika mabishano ya namna hiyo.

Lakini linaloshindikana katika meza ya wakubwa huwezekana katika meza ya chakula, vyombo vikishaondolewa. Kitenge cha yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu, na upana wake ni kama sentimita 115. Mwanamke mwenye nyonga ya sentimita 100 hutosheka na upana huo kwa sketi iliyonyooka, ikiwamo nafasi ya kutembelea na mishono. Kwa sketi ya sentimita 70, pamoja na upindo na mkanda wa kiuno, sentimita 90 za kitambaa zinatosha. Maana yake walimu watatu wakichangia kitenge kimoja, kila mmoja hupata sketi, na bado hubaki zaidi ya mita 2 na nusu. Leo kitenge hicho hicho hupelekwa kwa fundi kizima na kurudi gauni moja la harusi, ambalo mara nyingi halivaliwi mara ya tatu.

Wakichangia vitenge viwili vya rangi tofauti, kila mmoja ana sketi mbili. Akiwa na blauzi tatu za rangi moja moja zinazopatana nazo, ana mavazi 6 yasiyofanana: juma zima la kazi na siku moja ya akiba. Kinachohitajika hapo ni jicho la rangi kuliko fedha.

Dodoma nayo ina masharti yake. Wakati wa kiangazi upepo wa uwanda wa kati huvuma na vumbi hupenya hata kabatini. Sketi pana ya duara ni balaa katika viwanja vya wazi. Afadhali ya vipande 6, yenye upindo wa vidole vinne uipe uzito. Nyeupe waachiwe maharusi.

Ni kweli kwamba sketi ya mtumba katika mnada wa Msalato aghalabu ni nafuu kuliko kitambaa kipya. Anayelikana hilo hajafika mnadani. Lakini sketi hiyo ilikatwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Mwenye cherehani huinunua pana makusudi, huifumua, huigeuza na kuishona upya kwa kipimo chake. Asiye na cherehani hujifunga pini na kuomba asikohoe kikaoni. Wako pia wanaouliza fundi wa barazani atakula nini. Hasimu wa fundi ni robota. Anayejua kushona sketi ndiye huthamini kazi ya koti, na hulilipia bila kelele.

Wala jambo hili si la wanawake peke yao. Mabarazani wanaume wamekaa kwenye cherehani miaka nenda miaka rudi, lakini mume mwenye shahada, kifungo kikimdondoka, humngoja mkewe. Hiyo ni kasumba, na imelelewa shuleni. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, lakini sayansi kimu, pamoja na ushonaji wake, iliendelea kuonekana kama somo la wasichana. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeweka mkondo wa amali katika sekondari, na ushonaji unastahili nafasi ya mbele humo, kwa wavulana na wasichana. Kinachongojwa ni vyombo, kwa maana somo la cherehani lisilo na cherehani ni masimulizi. Kila Januari wazazi hupanga foleni kwa mafundi kutafuta sare. Shule yenye cherehani 10 za kukanyaga, zisizohitaji umeme, ingeweza kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kushona sketi za watakaoingia kidato cha kwanza, zikawa tayari kabla shule haijafungwa mwezi Desemba.