Kununua Pamoja Si Kugawana

Saa nne usiku, chumbani kwangu Njoro, bando linakaribia kuisha. Makala ninayoitafuta inahusu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, watu kama bibi yangu. Tovuti ya jarida inanidai dola 30. Mchana, nikiwa chuoni, makala hiyohiyo hufunguka bila kudaiwa hata senti.

Nakubali, umoja umesaidia. Kupitia COTUL, maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania hujadiliana bei na wachapishaji kwa pamoja, kama KLISC inavyofanya Kenya. Chuo kimoja peke yake hakina ubavu huo. Lakini chuo changu kinautambua mtandao wa ndani ya uzio tu. Mimi mwanafunzi hakinitambui. Nikitoka getini, nimekuwa mgeni. Nikihitimu, ndiyo basi.

Wazee wa Uchagani walichimba mifongo kwa pamoja, na kila aliyeshiriki kuisafisha alipata zamu ya kumwagilia shambani kwake. Hakuna aliyeambiwa ahamishie migomba kwenye chemchemi.

Nywila ya kusomea nyumbani si anasa. Ada tumelipa. Zamu yetu ni lini?